Jina langu halikuwamo kwenye orodha

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo niliamka saa kumi alfajiri kupiga pasi sare ambayo nilikuwa nimeshaipiga pasi usiku. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi. Tulifika wodini wanane, tukasimama kwenye mstari karibu na meza ya wauguzi, na sista msimamizi akaja na karatasi moja. Akasoma majina, kila jina na namba yake ya usajili kutoka baraza la taaluma, chombo kinachosajili na kusimamia wauguzi. Akasoma saba, akakunja karatasi.

"Sista, samahani. Mimi je?"

Akaikunjua, akapitisha kidole kuanzia juu mpaka chini. "Hapa hupo. Huna namba."

Nikamwonyesha kitambulisho cha chuo, risiti ya ada, na barua ya kupangiwa hospitali. Akavitazama vyote kwa utulivu, kimoja kimoja, kisha akanirudishia. "Hivi vinakuingiza darasani, binti. Mgonjwa wangu hawezi kuguswa na mtu ambaye hayumo popote."

Nilikaa kwenye benchi la nje hadi wenzangu walipotoka mchana. Sikukaa siku hiyo tu. Nilikaa nje ya wodi wiki tatu.

Sababu ilikuwa ndogo mno. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, cha sekondari kilikuwa na matatu. Mtu aliyekuwa akikusanya fomu zetu chuoni aliona tofauti hiyo, akaliweka faili langu pembeni, na hakuniambia. Fomu za wenzangu zilikwenda barazani, yangu ikabaki kwenye kabati. Nilipokuja kuipata ilikuwa na kikaratasi kimebandikwa juu: "Majina hayalingani." Maneno mawili yaliyonigharimu wiki tatu, kwa jambo ambalo kiapo cha majina mbele ya wakili kingelimaliza kwa siku moja.

Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninaiona kuwa ya haki. Lakini nilimkasirikia mtu asiyehusika. Nilimwona sista kama mtu wa roho ngumu anayelinda karatasi. Leo miye ndiye ninayesimama kwenye meza ile na orodha mkononi, nikiwa mkufunzi wa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, na ninaandika haya kwa sababu kila mwaka ninaona sura ileile niliyokuwa nayo mimi. Mwanafunzi ameambiwa hana namba, na machoni mwake hospitali nzima imegeuka kuwa ofisi ya urasimu. Hakuna aliyemweleza namba hiyo ni ya nani. Wengi wanadhani ni yao, ilhali ni ya yule aliyelala kitandani.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, Austria, kulikuwa na kliniki mbili za wazazi. Moja ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, nyingine ya kufundishia wakunga. Kinamama walijua, bila kusoma takwimu yoyote, kwamba kliniki ya kwanza ilikuwa inaua. Walikuwa wakilia na kuomba wapelekwe ya pili. Mwezi wa Aprili mwaka huo, kati ya wazazi 100 wa kliniki ya kwanza, 18 walikufa, wengi kwa homa ya uzazi. Daktari kijana aliyeitwa Ignaz Semmelweis alihangaika kutafuta sababu. Jibu lilikuja kwa msiba: rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kuchunguza maiti, akaugua, akafa kwa dalili zilezile za kinamama. Semmelweis akaelewa. Wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, wakibeba mauti kwenye vidole. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Kufikia Juni vifo vilishuka hadi karibu 2 kwa kila 100.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki siku ya kwanza, na nakisimulia polepole. Kwa kawaida kinasimuliwa kama kisa cha kunawa mikono. Mimi nakiona pia kama kisa cha wanafunzi. Wale vijana hawakuwa wabaya. Walikuwa wenye bidii, pengine wenye bidii kuliko sisi, maana walianza siku zao kwa kuchunguza maiti. Walikuwa wanajifunza tu. Na huko kujifunza kwao kuliacha watoto bila mama. Mwanafunzi wa afya hajifunzii kwenye ubao. Anajifunzia kwenye mwili wa mtu, na mtu huyo kwa kawaida hakumchagua.

Rejesta, yaani orodha rasmi za waliofuzu, zilitungwa ili kumlinda mtu huyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1858 iliyoanzisha orodha ya madaktari ilieleza sababu yake kwa uwazi: anayehitaji tiba aweze kumtofautisha aliyefuzu na asiyefuzu. Rasi ya Tumaini Jema, sehemu ya Afrika Kusini ya leo, ikawa ya kwanza duniani kusajili wauguzi na wakunga kwa sheria ya dola, mwaka 1891. New Zealand ikatunga sheria ya wauguzi peke yao mwaka 1901, na mwanzoni mwa 1902 Ellen Dougherty akawa jina la kwanza kwenye daftari lao. Orodha hizo zote zilimhusu aliyekwisha kufuzu. Swali la mwanafunzi lilibaki: huyu ambaye bado hajafuzu, lakini tayari ana sindano mkononi, yumo wapi?

Nchi zimelijibu kila moja kwa njia yake. Afrika Kusini, mwanafunzi wa udaktari husajiliwa na baraza la taaluma za afya akiwa bado masomoni. Kenya, mwanafunzi wa uuguzi huingizwa kwenye orodha ya baraza la wauguzi na kupewa namba yake ya mafunzo. Ireland ina daftari maalumu la wanaojiandaa kuwa wauguzi na wakunga. Uingereza imefuata njia tofauti: mwanafunzi wa uuguzi hana namba ya baraza mpaka ahitimu, na chuo ndicho kinachothibitisha kwamba ana afya na mwenendo unaofaa. Australia, tangu 2011, chuo chenyewe ndicho kinachopeleka majina. Mwanafunzi haombi wala halipi kitu, na daftari hilo halionyeshwi hadharani.

Mpango wa Australia ndio ninaoupenda kuliko yote, ingawa najua udhaifu wake kwa mwili wangu mwenyewe. Ukimwachia chuo kazi ya kupeleka majina, unamwondolea mwanafunzi gharama na foleni. Lakini chuo kikizembea, anayekaa kwenye benchi ni mwanafunzi. Kwa hiyo popote ulipo, hata kama unaambiwa chuo kitashughulikia, uliza. Uliza fomu ilikwenda lini. Omba kuona namba yako wewe mwenyewe, iliyoandikwa kwa jina lako lote kama lilivyo kwenye vyeti, kabla ya wiki ya kwenda wodini. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekuona msumbufu kwa kuuliza hivyo.

Kuna swali jingine ambalo lingepaswa kutangulia hata hilo, na linaumiza zaidi likichelewa. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa na baraza la taaluma yako? Chuo kikuu kinaweza kuwa na kibali halali cha kutoa shahada, kikawa na majengo mazuri na maprofesa, na bado kozi moja ya afya ndani yake ikawa haijaidhinishwa na baraza. Kibali cha chuo na kibali cha kozi hutolewa na mamlaka mbili tofauti. Mwanafunzi anayesoma miaka minne kwenye kozi isiyoidhinishwa atavaa joho, atapiga picha, kisha ataambiwa hawezi kufanya mtihani wa leseni. Nimekaa na mzazi wa kijana wa namna hiyo. Sikuwa na la kumwambia. Angalia orodha ya kozi zilizoidhinishwa kabla hujalipa ada ya kwanza, na ujue kwamba "tunasubiri kibali" maana yake ni kwamba hakuna kibali.

Nirudi kwenye usajili wenyewe. Si leseni, wala si leseni ndogo. Hauruhusu kutoa dawa peke yako, wala kumpima jirani nyumbani kwake kwa kuwa "nasomea." Unaruhusu jambo moja: kujifunza kwa mgonjwa huku mtu mwenye leseni akikusimamia na kubeba dhamana. Ukivuka hapo unavunja sheria kama mtu mwingine yeyote. Na kuna mahali ambapo saa zako za vitendo huhesabiwa tangu siku ulipoandikishwa tu. Ulizofanya kabla ya hapo, hata kama ulizifanya vizuri, ni kama hukuzifanya. Sista alipokataa kuniingiza wodini, kumbe alikuwa akinilinda na hilo pia. Sikujua.

Zile karatasi zinazoombwa hazitofautiani sana kutoka mahali hadi mahali: uthibitisho wa udahili, utambulisho, cheti cha mwenendo kutoka polisi, tamko la afya, na kadi ya chanjo. Cheti cha mwenendo kinaeleweka, kikubwa ni kukiomba mapema. Tamko la afya nitalisemea chini kidogo. Kadi ya chanjo ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Mwaka wangu wa tatu, zamu ya usiku, nilimtoa damu mgonjwa kisha nikafanya kosa nililokuwa nimekatazwa mara mia: nilijaribu kuirudishia sindano kifuniko chake. Ikapita pembeni, ikaingia kwenye kidole cha shahada. Sikusikia maumivu. Niliona tone la damu ndani ya glavu, na masikio yakaanza kuvuma. Mgonjwa yule alikuwa na homa ya ini aina ya B, na ilikuwa imeandikwa kwenye faili lake.

Muuguzi wa zamu alinishika mkono, akaniosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha akaniuliza swali moja. "Umemaliza chanjo?"

Nilikuwa nimemaliza. Nilichoma sindano tatu kwa sababu fomu ya usajili ilinilazimisha, huku nikinung'unika, na nikapimwa damu baada ya ile ya tatu kuona kama kinga imefika kiwango. Ilikuwa imefika. Kama isingefika, au kama nisingechanja, uwezekano wa kuambukizwa kwa kuchomwa namna ile ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea hali ya virusi kwa mgonjwa. Kwa virusi vya Ukimwi uwezekano ni mdogo zaidi, kama asilimia 0.3, na dawa za kuzuia zikianzwa mapema, ndani ya saa 72, na kumezwa siku 28, unapungua zaidi. Mgonjwa alipimwa na hakuwa navyo. Nikarudi zamuni usiku uleule, mikono ikitetemeka, nikiwa salama kwa sababu ya karatasi niliyoiona ni ya usumbufu.

Jambo hili lina hesabu ambayo vyuo vingi havifanyi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Kisha unasubiri mwezi mmoja au miwili ndipo upime kinga. Jumla ni kama miezi minane. Mwanafunzi anayeambiwa kuhusu chanjo wiki nne kabla ya kwenda wodini hawezi kuwa amekingwa siku ya kwanza, hata awe na nidhamu ya namna gani. Atakuwa na sindano moja, labda mbili, na kadi yenye nafasi tupu. Chuo kinachosajili wanafunzi wa afya na kutowaambia habari ya chanjo wiki ya kwanza kabisa ya mwaka wa kwanza kinawapeleka wodini na ngozi tupu. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu mmoja mwenye kalenda.

Sasa tamko la afya. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Fomu huuliza: una ugonjwa wowote, wa mwili au wa akili, unaoweza kuathiri uwezo wako wa kufanya kazi kwa usalama? Mwanafunzi mwenye kisukari anasoma swali hilo na kusikia "Je, tukufukuze?" Mwenye sonona anasikia hivyohivyo, na kwake sauti ni kubwa zaidi. Basi anaandika "Hapana," na kuanzia hapo anaishi na uongo ambao hakutaka kuusema.

Miaka michache iliyopita mmoja wa wanafunzi wangu, kijana mpole, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, alinifuata jioni ya kuamkia zamu yake ya kwanza chumba cha kujifungulia. Alisimama mlangoni muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "naomba usinipange kushika watoto." Nikamwambia kila mtu huogopa mara ya kwanza. Akatikisa kichwa. "Siogopi. Nina kifafa."

Alikuwa nacho tangu utotoni. Dawa zilikuwa zikikidhibiti, hakuwa ameanguka kwa zaidi ya mwaka. Lakini kukesha kulikuwa kumemwangusha zamani, na tulikuwa tunampeleka kukesha, mahali ambapo angekabidhiwa mtoto mwenye utelezi wa dakika moja tangu azaliwe. Kwenye fomu aliandika "Hapana." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilitaka kuwa muuguzi."

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha. Kijana aliyetaka kazi hii kiasi cha kudanganya ndiye huyohuyo aliyeshindwa kudanganya pale mtoto wa mtu alipoingia kwenye hesabu. Huyo ndiye ninayemtaka wodini. Na utaratibu wetu ulikuwa umemfundisha kujificha.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Tulimpeleka kwa daktari wake, akaandika barua. Chuo kikamwondoa zamu za usiku, kikamwekea mtu wa pili kila alipokuwa na mtoto mchanga mikononi, na taarifa zake zikarekebishwa barazani. Hakufukuzwa. Alimaliza na wenzake.

Sheria ya Australia ina kipimo ninachokipenda katika jambo hili. Chuo kinatakiwa kutoa taarifa kuhusu mwanafunzi ikiwa hali yake ya afya, anapokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, inaweza kuwaweka watu kwenye hatari kubwa. Hawasemi akiwa mgonjwa, wanasema hatari kubwa kwa watu. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana, na ndani ya nafasi hiyo wamo karibu wanafunzi wote wenye kisukari, pumu, kifafa kinachodhibitiwa, sonona inayotibiwa. Fomu zetu zingeweza kuandika hivyo. Zingeweza kuongeza mstari mmoja chini ya swali: "Kujibu ndiyo hakukuondoi kwenye kozi, kunatusaidia kukupangia." Mstari huo ungewatoa gizani wengi kuliko hotuba zangu zote. Nimeupendekeza kwenye vikao vitatu. Kwenye fomu ya chuo umeingia mwaka huu. Kwenye fomu ya baraza bado, na sitaacha kuuliza.

Watu wengine wa afya husema usajili wa wanafunzi ni kuongeza karatasi juu ya karatasi, kwamba anayemsimamia mwanafunzi tayari ana leseni na hiyo inatosha. Nawaheshimu wanaosema hivyo, baadhi yao wamenifundisha. Lakini msimamizi wa wodi moja haoni kilichotokea wodi nyingine. Mwanafunzi aliyeondolewa chuo kimoja kwa kuwadhulumu wagonjwa, akahamia chuo kingine akiwa na barua nzuri ya kujitambulisha, msimamizi mpya atajuaje? Daftari moja ndilo linalojua. Na mwanafunzi aliyeonewa, aliyesingiziwa kosa la dawa ili mkubwa asiulizwe, naye anahitaji chombo nje ya wodi ile ambacho kina jina lake na kinalazimika kumsikiliza. Hili la pili halisemwi mara nyingi. Mtu asiyeandikwa popote hana pa kukata rufaa.

Kundi la mwaka huu lina wanafunzi 38. Tuliwachoma sindano ya kwanza wiki ya pili baada ya kufika, na kadi zao ziko kwenye kabati langu, zimepangwa kwa alfabeti. Vyeti vya kuzaliwa na vya sekondari nimevilinganisha mwenyewe, jina kwa jina. Saba havikulingana. Sita kati yao wameshaleta viapo. Wa saba ni binti ambaye alibadilishiwa jina na mlezi wake akiwa na miaka mitano, na kiapo peke yake hakitoshi, tunasubiri hati kutoka kwa msajili wa vizazi. Nimemwambia asipige pasi sare kwanza. Nimempigia msajili simu mara mbili, na Jumatatu nitakwenda mwenyewe.